Siku Mashine ya Marehemu Baba Ilipokula Mvule

Nianze na majivuno, maana nimeyatolea jasho. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko unaotoka Naguru kuelekea Nakawa, kuna mashine ya kuranda mbao iliyonizidi umri, na inafanya kazi. Haibembelezwi, haiombewi. Unabonyeza swichi, mkanda unashika, roli la visu linaanza kuvuma, na ubao ulioingia na mikwaruzo na rangi ya jivu unatoka upande wa pili laini, unang'aa. Asiyeamini aje. Geti liko wazi na chai haikosi.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu walitaka kuiuza kwa kilo. Tena watu wa tumbo moja na mimi.

Mimi si seremala wa kusomea. Nilikuwa askari wa kike wa trafiki, ujana wangu niliumalizia kwenye makutano ya barabara nikiwapulizia watu filimbi, na sauti niliyoipata huko haijaniacha hata baada ya kustaafu. Kiswahili changu ni cha kambi. Baba naye alikuwa askari, mtu wa kaskazini, lakini bunduki hakuipenda. Kazi yake ilikuwa kwenye karakana ya polisi, kutengeneza meza na vitanda vya wenzake. Kampala hii ukiongea Kiswahili njiani watu wanashika mifuko yao, wanadhani umekuja kukamata au kuiba. Sisi nyumbani tulikula nacho, tukagombana nacho, tukasali nacho.

Baba aliinunua ile mashine akiwa karibu kustaafu, karakana moja kule viwandani ilipofungwa na vitu vyake vikauzwa. Ni chuma cha kusubu kitupu, tumbo nene, miguu iliyopanuka, na kwenye kila ncha ya roli la visu kuna kikombe kidogo cha shaba cha kuwekea oili, chenye kifuniko chake. Jina la walioiunda limepakwa rangi juu ya rangi mpaka halisomeki. Ilipoletwa, wanaume wa mtaa waliishusha kwa magogo na kamba, wakavunja nguzo ya geti, na mama akasimama mlangoni mikono kiunoni akauliza, "Sasa huyu atalala kitanda gani?" Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi, mpaka baba alipoanza kuugua. Siku moja beringi ya kushoto ilikauka oili, ikaungua, na roli likakwama kwa kishindo. Beringi za mashine za zamani si hizi za gololi unazonunua dukani. Ni madini meupe, laini, yanayoyeyushwa na kumiminwa pale pale kuzunguka shafti, mhimili wa roli la visu, yakapoa yakawa kitanda chake. Mafundi wanayaita waiti-meto. Ikiungua, unamimina nyingine. Baba alilijua hilo, ila nguvu zilikuwa zimemwishia, na alikufa mashine ikiwa imekwama vile vile.

Hapo ndipo kidonda cha mama kilipo. Tulizika haraka, kwa sanduku la kununua, na wakati wa kulibeba mshikio mmoja ukang'oka na kona moja ikafunguka. Ilikuwa plaiwudi. Mtu aliyetengenezea nusu ya polisi vitanda, kazikwa ndani ya plaiwudi! Mama hakulia siku ile, alikasirika. Juu kwenye dari ya banda la mashine kulikuwa na mbao za mvule ambazo baba aliziweka zikauke, za mti ulioangushwa na upepo kule Mengo, na alipanga azirande atengeneze kitu. Mama akatutangazia baada ya matanga: "Zile mbao ni za safari yangu. Mimi sitaenda na karatasi. Mtu asiziguse." Na hakuna aliyezigusa. Hata mimi, na sauti yangu yote, nilikuwa napita chini yake kimya.

Basi mwaka jana kaka yangu mkubwa akaja na mwanamume mwenye mzani. Mnunuzi wa skrepa, vyuma chakavu. Walizunguka mashine, wakaipiga mateke kidogo, kaka akaeleza kwamba banda likivunjwa vitatoka vyumba viwili vya kupangisha, na mama atapata cha kuingia mkononi kila mwezi. Haikuwa hoja ya kijinga, nakubali. Lakini lile teke lilinipanda kichwani.

"Afande wa skrepa," nikamwambia yule mtu, "toa mguu hapo kabla sijaukamata."

Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wa baba yenu amekaa hapa miaka, mimi sijamwona na jembe. Anakaa tu. Kama anafanya kazi, abaki. Kama hafanyi, aende."

Kaka akatabasamu. Nikaona nimebanwa. Nikasema: Pasaka, familia yote ikija, mashine itaranda ubao mbele ya kila mtu. Ikishindwa, mzani uje, na mimi mwenyewe nitasaidia kuipakia.

"Umesikia mama?" kaka akasema. "Wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia. Pasaka."

Fundi mmoja wa viwandani nilimwita akaja, akatazama, akasema tukate chuma tuingize beringi za gololi. Tukate! Nilimsindikiza hadi getini kwa adabu, na nadhani adabu hiyo ndiyo iliyomwogopesha. Kukata tumbo la ile mashine ni kuifanya kitu kingine. Mimi nilitaka ile ile, na mvumo ule ule niliokuwa nikiusikia nikirudi kutoka shule.

Ndipo nikamwendea jirani yangu Mkongomani. Ni seremala, mkimbizi wa kutoka mashariki ya Kongo, anatengeneza makochi na kuyauza barabarani, na ni mtu wa kujisifu hakuna mfano. Alikuwa amefanya kazi ya kupasua mbao kwao kabla ya vita. Nikamwuliza kama amewahi kumimina beringi.

"Afande," akasema, mkono kifuani, "unaniuliza mie? Kule kwetu hakuna beringi sikumimina. Hata ya mashine ya mapadri. Lete moto tu."

Moto ulikuwa sigiri ya mama, jiko lake la udongo la makaa. Hatukuomba ruhusa ya kutosha. Tuliishindilia makaa, tukaweka juu chungu cha chuma chenye yale madini ya zamani tuliyoyakwangua pamoja na mengine tuliyonunua. Shafti tuliipaka masizi ya tadooba, kile kitaa cha kopo cha mafuta ya taa, ili madini yasiigande. Jirani aliishika ile taa chini ya shafti, akaizungusha polepole mpaka chuma kikawa cheusi tii pande zote. Kazi nzuri, sikatai.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la mwanamke wa Kampala. Kingo za beringi lazima zizibwe kwa udongo, la sivyo madini yanamwagika. Udongo laini, usio na changarawe, unapatikana wapi? Mimi nikajiona mjanja. Nikaenda soko la Nakawa nikanunua mumbwa, vile vijiti vya udongo na majani ya dawa ambavyo Waganda huwapa wajawazito. Mama muuzaji alinitazama kuanzia mvi zangu hadi miguuni, akanishika mkono na mikono yake miwili.

"Banange, nyabo! Jamani mama, Mungu ni mkubwa! Hongera!"

Nilinunua vingi, nikaona haya kumweleza. Akaniongezea kimoja cha bure cha mtoto.

Nikaviloweka, vikalainika vizuri sana, nikaziba kila mwanya nikiwa najipongeza. Jirani alinusa, akasema una harufu ya majani, nikamwambia anyamaze amimine. Akamimina. Yale madini yalipogusa udongo wenye maji, yakachemka, yakatema mate, tone moja likatua kwenye kiatu changu likatoboa. Tulikimbia wote wawili, mtu mzima na mtu mzima, kila mmoja na njia yake. Mama akatoka ndani anapiga kelele, "Mnaua nyumba! Sigiri yangu! Na chakula cha mchana kiko wapi?"

Tulipofungua baadaye, beringi ilikuwa na matundu kila mahali. Haikufaa kwa lolote.

Jirani alikaa juu ya ndoo akatikisa kichwa. "Afande, umempa mashine dawa ya mimba. Sasa ametapika."

Nilikasirika siku nzima. Nilimkasirikia yeye kwa kumimina, nikamkasirikia muuzaji kwa kunipongeza, nikaikasirikia Pasaka iliyokuwa inakuja mbio. Nilikaa bandani nikamtazama yule mgeni wa chuma, nikajua kabisa kwamba tukishindwa tena madini hayatatosha, na kaka atakuja na mzani wake, na mimi nimetoa neno mbele ya mama. Niliogopa. Kuogopa mbele ya lori lililokatika breki nilizoea. Huku kulikuwa kuogopa kwingine.

Ni mama aliyetuokoa, bila kutaka kutuokoa. Alikuwa akilalamika kuhusu sigiri yake, jinsi tulivyoipasua kwa moto mkali, na akawa anaikarabati kwa udongo wa kichuguu aliouchanganya na jivu, kama anavyofanya kila mara. Nilimtazama akiukanda. Nikamtazama akiuacha ukauke, akiugusa, akiuacha tena. Nikamwuliza kwa nini hawashi moto haraka.

"Ukiwasha ukiwa mbichi utapasuka," akasema. "Wewe umekulia wapi? Hukuniona nikifanya hivi maisha yako yote?"

Nilimwona. Sikuwahi kutazama. Nilichota udongo ule ule kwenye beseni lake, naye akanipiga kofi la mkononi, lakini hakuurudisha.

Mara ya pili hatukuwa na haraka. Tuliziba kwa udongo wa kichuguu na jivu, tukauacha kando ya moto mpaka ukawa mkavu wa kulia ukigongwa. Tukaipasha shafti joto kabisa, na chuma chote kinachoizunguka. Jirani akachomeka kijiti kikavu cha mbao ndani ya madini, kilipotoka rangi ya kahawia bila kuwaka, akasema, "Sasa." Hakujisifu hata kidogo, ndipo nikajua anajua. Akamimina mara moja, bila kusita, mkono mmoja thabiti, mpaka madini yakajaa juu yakatulia. Kimya. Hakuna mate, hakuna moshi.

Yalipopoa, tulilegeza shafti kwa nyundo ya mbao. Tak, tak, tak. Ikaachia. Chini yake kulikuwa na kitanda cheupe, safi, kimekaa kama kilizaliwa pale. Nilimkumbatia yule Mkongomani mpaka akalalamika mbavu. "Nilikwambia mie!" akapiga kelele, na sifa zake zote zikarudi kwa pamoja, na safari hii nikamwacha ajisifu atakavyo.

Kazi iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Unapaka shafti oili yenye masizi, unailaza kwenye kitanda chake, unaizungusha, unaiinua. Pale palipobaki na alama nyeusi ndipo palipoinuka. Unapakwangua kidogo sana, kama unavyokwangua ukoko. Unarudia. Kila asubuhi baada ya chai nilikuwa pale. Mwanzoni alama zilikuwa mbili tatu, nene. Kisha zikaanza kuenea, zikawa nyingi na ndogo ndogo, mpaka siku moja kitanda chote kikawa na madoa sawasawa, na shafti nikaisukuma kwa kidole ikazunguka yenyewe, ikazunguka, ikakataa kusimama. Nilicheka peke yangu. Nilielewa kwa nini baba alikuwa anachelewa kuja kula.

Pasaka ikafika. Kaka alikuja na koti jipya, na wake na watoto na wajukuu wa ukoo wakajaa uani, na jirani yangu akaja na shati la kanisani akasimama karibu na mashine kama mwenye mali. Visu nilikuwa nimevinoa. Vikombe vya shaba vilikuwa vimejaa oili. Nilikuwa nimetayarisha ubao wa paini.

Kaka aliuangalia ule ubao akaguna. "Dada, paini hata mimi nitairanda kwa kisu cha mkate. Baba aliinunua hii mashine kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mvule. Hicho ndicho kipimo. Ikiranda mvule, mimi mdomo wangu nimefunga."

Watu wakainua macho darini. Maana kila mtu alijua mvule pekee ulikuwa wapi, na ulikuwa wa nani. Na kaka alijua pia. Alijua mama hatakubali, na mashine itakosa kipimo, na mzani utakuja. Nikafungua mdomo nimwambie yote niliyomwekea tangu utoto.

"Acha," mama akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitambaa cheupe kichwani. Alitazama dari ya banda muda mrefu. "Teremsha ule wa chini. Mmoja tu. Ukiuharibu, mimi nitaenda na ubao mmoja pungufu, na wewe utakumbuka."

Haki ya Mungu, afadhali angekataa. Mvule si mti wa mchezo. Nyuzi zake hulala upande huu zikasimama upande ule, na kisu kisicho na makali huzinyofoa vipande vipande. Tena hubeba vijiwe ndani yake, ukikutana na kimoja visu vyote vimekwenda. Nilipitisha ncha ya patasi juu ya ubao mzima, kona hadi kona, nikisikiliza. Ulikuwa mchafu, wa kijivu, una vumbi la miaka na kinyesi cha popo. Haukuwa na jiwe nililoliona. Lililofichika ningelijua likishalia.

Nikabonyeza swichi. Mkanda ukashika. Na ule mvumo ukaja, ule ule, kwanza mzito kisha ukapanda ukatulia, na nikamwona mama amefumba macho.

Niliteremsha kisu kidogo sana, nusu ya nilivyotaka. Nikasukuma ubao. Mashine ikaushika kutoka mikononi mwangu, ikauvuta kwa utaratibu wake, bila papara, na maranda yakaanza kuruka, membamba, marefu, yakajikunja juu ya viatu vya watoto. Harufu ya mvule ikajaa uani, kali kidogo, kama pilipili ya mbali. Hakuna kilichonyofoka. Hakuna kilicholia. Jirani alikuwa upande wa pili, akaupokea ubao kwa mikono miwili, akaugeuza juu, akauinua watu wote waone.

Chini ya lile jivu kulikuwa na dhahabu. Rangi ya asali ya porini, na mistari inayopishana, na mwanga ukaingia ndani ya ule ubao ukakaa. Shangazi mmoja akapiga vigelegele, wengine wakadaka, na watoto wakapiga kelele bila kujua kwa nini. Mimi nilinyanyua mikono yote miwili juu kama nasimamisha magari ya barabara nzima. Sikujali. Nilishinda, na nilitaka hata walioko Nakawa wasikie.

Kaka alikuja akauinamia ubao, akaupitishia kidole, akatafuta kasoro. Akatafuta tena. "Basi," akasema, na kusema kweli alisema kwa sauti ya baba.

Mama akaomba aletewe ubao. Tukauweka magotini pake. Akaufuta kwa kitambaa chake cheupe cha Pasaka, akaweka kiganja, akakitelezesha hadi mwisho wa ubao na kurudi, polepole. Nilidhani analia, nikainama. Hakuwa analia. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyedanganywa na sasa ameujua ukweli.

"Hii ndiyo mlitaka mkaifunike udongo?" akauliza.

Nikamjibu: "Mama, ni wewe mwenyewe uliyesema..."

"Mimi niliiona wapi? Ilikuwa chafu kule juu." Akaugonga ubao kwa vidole, ukalia vizuri. "Teremsha zote. Nataka meza. Ndefu, mpaka hawa watu wote wakae, siyo wengine wanakula wamesimama kama wako stendi."

Kaka akakohoa. Alikuwa mtu wa kukumbusha mambo, hata siku ya kushindwa. "Na ile safari yako, mama? Si ulisema hutaki karatasi?"

Mama akamtazama, kisha akaitazama mashine iliyokuwa bado inavuma, kisha akamtazama tena.

"Safari gani? Nimekuambia mimi naenda mahali? Shika ubao, wewe. Vua hilo koti, dada yako anangoja."

Kaka yangu akavua koti la Pasaka, akapanda darini.